Usitume Nguo za Mtoto

Kui wa Muturi,
S.L.P. 71,
Njoro.
Jumapili, 14 Septemba 2025.

Mpendwa dada Nyakio,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba yale maumivu ya mgongo, uliyosema yanatokana na kuinua wazee wa watu huko Leeds, yamepungua. Mimi sijambo. Naomba usome neno hilo mara mbili, maana mbele kidogo utaanza kuwa na wasiwasi: mwili wangu ni mzima. Mama naye hajambo. Bado yuko kule Bahati kwa kaka yetu Kiarie, na bado anagombana na mke wa Kiarie kuhusu jinsi ya kukata mboga ya sukuma.

Mvua imetutendea vizuri mwaka huu. Ngano za majirani zimeanza kugeuka rangi, na yule ng'ombe uliyemwacha akiwa ndama amezaa tena, dume kama kawaida yake. Nilimwambia ana ubishi wa ukoo wetu.

Picha zako nilizipata. Nguo za manjano, zile soksi ndogo, na ile kofia uliyoifuma kwa mkono wako. Nilizitazama mpaka simu ikaisha chaji. Sasa nakuomba, kabla hujaenda posta, usitume nguo. Hakuna mtoto, dada. Wala si kwamba ametoka. Hakuwepo tangu mwanzo, na aliyesema yupo ni mimi mwenyewe.

Keti basi nikueleze. Naandika kwa karatasi kwa sababu simu siiamini tena. Unakumbuka siku ile nilipomsema Joan na keki yake kavu, nikidhani nakuandikia wewe, kumbe nimetuma kwenye kundi la familia? Watu thelathini na wawili walisoma kabla sijafuta, na wa kwanza ni Joan mwenyewe. Ni wifi yangu, dada ya mume wangu Muturi, na mpaka leo akinipa keki ananitazama nikitafuna. Haya ya leo yakiingia kule, nitahama Njoro.

Muturi ana virusi vya Ukimwi. Nimekaribia kukuambia mara nyingi, nikashindwa. Tulijua miaka mitatu iliyopita, wakati wa kile kikohozi tulichowaambia ni vumbi la ngano. Tulipimwa sote siku moja. Yeye alikutwa navyo, mimi sikukutwa navyo. Hasira nilikuwa nayo tele, na swali lilikuwa mdomoni tayari. Lakini nilimwona akiinama kutafuta kofia yake chini ya kiti, na kofia ameivaa kichwani. Nikamwambia iko kichwani. Mpaka leo sijamuuliza alivipata wapi virusi hivyo, na siku nyingine nakasirika kwamba sikuuliza.

Tulianza kwenda Rhonda, kule Nakuru mjini, kwenye kliniki ndogo iliyokuwa ikilipiwa na wafadhili wa nje. Hapa Njoro hospitali ipo, lakini hapa Njoro hata mbuzi wananijua. Rhonda hakuna anayekuuliza umetoka wapi. Muturi akapewa dawa zake za kushusha virusi. Mimi nikapewa kidonge cha kinga, kile wanachokiita prep, kimoja kila siku, ili visiniingie. Wakatuambia akimeza bila kukosa, virusi vitashuka hadi kipimo kisivione, na hapo hataweza kuniambukiza. Hata mtoto tungeweza kupata. Baada ya miaka kumi na moja ya ndoa, mtu anakuambia hivyo huku akitafuta kalamu. Tulirudi nyumbani kila mmoja akitabasamu upande wake.

Ikawa kila jioni saa mbili, taarifa ya habari ikianza, namimina chai. Yeye anameza chake, nami nameza changu. Mtu mwingine angechungulia dirishani angeona wagonjwa wawili. Mimi nilikuwa naona ndoa. Siku akiwa na raha alikuwa akigonganisha kikombe chake na changu kama watu wa harusini, chai ikimwagika mezani na mimi nikifuta nikilalamika.

Februari mwaka huu tulifika Rhonda tukakuta mnyororo langoni na karatasi imebandikwa. Mlinzi wa pale, mzee mmoja anayeitwa Kemboi, alikuwa bado ameketi kwenye kiti chake.

"Mathe, hii imefungwa," akaniambia. "Pesa ya donor imekatwa. Hata mimi sijui nachunga nini."

Muturi aliisoma ile karatasi mara tatu. Pembe moja ilikuwa imebanduka, akaibandika tena vizuri kwa kidole gumba, kana kwamba ilikuwa karatasi yake.

Hapo ndipo tulipokosea, na sitamtupia mfadhili kosa hili. Badala ya kwenda moja kwa moja hospitali ya Njoro, tuliona haya. Tulingoja Rhonda ifunguliwe. Dawa za Muturi zilipoanza kupungua, akaanza kuruka siku ili zifike mbali, vile tunavyofanya na chumvi ya ng'ombe wakati wa kiangazi. Nilimwona akifanya hivyo na nikadhani ni busara. Dada, dawa hizi si chumvi ya ng'ombe. Tulipojitoa mhanga tukaenda Njoro mwezi wa Aprili, walimpima wakakuta virusi vimepanda.

Nesi wa pale anaitwa Jepkemei, mwanamke mrefu asiyepoteza maneno. Alituambia hivi:

"Dawa za mzee ziko. Ameze bila kuskip, tutarudia viral load July. Shida ni zako, mama. Prep imebaki kidogo sana, na tumeambiwa ni ya wenye mimba na wanaonyonyesha tu."

Nikauliza mimi niko wapi katika hiyo orodha. Akasema kwa sasa sipo.

Duka la dawa mjini walisema wanaweza kuniagizia, lakini bei ni ya watu wengine. Kisanduku cha kondomu za bure kilikuwa kitupu, tukanunua za dukani. Moja ikapasuka. Utanisamehe kukuandikia mambo kama haya, lakini wewe ndiye uliyenilea. Nilipimwa, nikapimwa tena, sikuwa na kitu. Lakini Muturi alikuwa ameshatoka ndani ya mwili wake kwa woga. Mapema Mei alifunga lile godoro jembamba la chumba cha wageni, akaenda Olenguruone kumsimamizia viazi Kibii, yule waliyefanya naye kazi kwenye mashine za ngano. Watu walisema amepata kazi. Mimi najua alinikimbia ili nisiugue. Kukimbiwa kwa sababu unapendwa, dada, sijui hata unamlalamikia nani.

Nyumba imekuwa kubwa. Napika ugali wa watu wawili, halafu asubuhi nawapa kuku. Naongea na ng'ombe mpaka jirani ameuliza kama nina mgeni. Julai ilifika, vifaa vya kile kipimo cha Muturi havikuwepo, wakamwambia angoje. Kitu kimoja tu tulibakiza: saa mbili jioni alikuwa akinipigia simu. Yeye anameza kidonge chake kule, mimi nakunywa chai huku bila kitu. Tulikuwa hatusemi mengi. Nilikuwa namsikia akimeza.

Agosti kaunti iliita wananchi watoe maoni, pesa za mwaka ujao ziende wapi. Nilivaa vizuri nikaenda. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi swali langu mbele ya ng'ombe: kama wafadhili wameondoka, serikali yetu wenyewe imetenga nini kwa dawa za kinga? Ukumbi ulijaa. Mmoja akataka barabara ya kupitishia maziwa, mwingine darasa la chekechea, mwingine taa za soko. Nikainua mkono, nikapewa kipaza sauti. Nikaona nyuso nne ninazozijua kutoka benchi la hospitali, wanawake wanne waliokaa mbalimbali kama watu wasiojuana. Wote waliangalia sakafu. Nikafungua mdomo nikauliza josho la ng'ombe litakarabatiwa lini.

Nilipigiwa makofi. Josho limo kwenye mpango sasa, na ni mimi nililiingiza.

Wiki iliyofuata, tarehe ishirini, nikarudi kwa Jepkemei kuuliza kama kuna mabadiliko. Alikuwa amechoka, hakuinua hata kichwa. "Ni mimba ama unanyonyesha?" akauliza.

"Niko na mimba," nikasema.

Naapa sikuwa nimepanga. Akaniuliza ni ya miezi mingapi, nikasema miwili. Akanitazama, kisha akaandika. Akanipa vidonge thelathini na kile kitabu kikubwa cha kliniki ya mama na mtoto, akasema nirudi baada ya mwezi nipimwe mkojo na damu. Kitabu hakikuenea kwenye mkoba wangu. Kilichomoza juu, na nje kwenye benchi alikuwa Mama Valarie wa kanisani kwetu, amekuja na goti lake.

Jumamosi walikuja wanawake kumi na mmoja. Walianza kuimba tangu langoni. Walileta uji kwenye chupa, njahi iliyokwisha kuchemshwa, yale maharage meusi ya mama mzazi, na leso mbili. Wameniombea mtoto miaka kumi na minne, dada, kila mwisho wa mwezi bila kuchoka, na hapo walikuwa wameketi kwenye viti vyangu wamejibiwa. Mama Valarie aliniwekea mkono tumboni akashukuru mpaka sauti ikakatika. Nami nikasema amina. Nikuambie na ubaya wangu wote: nilifurahi. Nyumba ilikuwa na watu kwa mara ya kwanza tangu Mei, na vikombe havikutosha.

Jumapili Joan akaweka habari kwenye kundi la familia, pamoja na ile miezi miwili. Wewe ukaisoma ukaenda kutafuta sufu ya manjano. Na Olenguruone, Muturi naye akaisoma.

Sikuwa nimemwambia jinsi nilivyopata dawa. Nilitaka aje mwisho wa mwezi akute kikopo kimekaa mezani karibu na kikombe chake. Jioni hiyo saa mbili simu haikulia. Jumatatu haikulia. Nilipiga, haikushikwa. Kwa wiki mbili nilimeza peke yangu, taarifa ya habari ikisomwa, na ni hapo tu nilipopiga hesabu ambayo kila mtu angeipiga: mimba ya miezi miwili, na mume ameondoka Mei.

Jumamosi iliyopita, si hii ya jana, nilikwenda Olenguruone. Kule juu kuna baridi ya kuuma masikio. Nilimkuta ndani ya ghala la Kibii akichagua viazi vya mbegu. Alisimama, akanitandikia gunia juu ya kreti, akanimiminia chai. Hakuniangalia tumbo. Alifanya bidii kutoliangalia.

"Nimeona vile Joan aliandika," akasema.

"Umeona nini?"

"Kui, sikulaumu. Ni mimi nilitoka. Kama kuna mtu, jina sitaki kujua. Mtoto ataitwa wangu. Kulea nitalea, hata nikiwa huku huku."

Nilikasirika kwanza, kwamba aliweza kunifikiria hivyo. Halafu nikaona anavyobandua machipukizi ya kiazi bila kuinua macho, na hasira ikapotea njiani. Nikatoa kikopo kwenye mkoba nikakiweka kati ya viazi.

"Huyu ndiye mtoto," nikamwambia. "Amebakiza siku kumi na tatu."

Alisoma maandishi yote, hata yale madogo ya kiwandani. Akauliza kama nilidanganya. Nikasema nilidanganya ili arudi. Akaketi chini kabisa, kwenye udongo, akaendelea kubandua machipukizi ya kiazi kimoja mpaka kikawa laini kama yai. Nilidhani ataniambia maneno ya mapenzi, sitakuficha. Aliniuliza hivi:

"Na hizi, ni nani alikosa ndio wewe upate?"

Swali hilo sikuwa nimelifikiria hata mara moja.

Jumatatu nilikwenda kwa Jepkemei na kikopo mkononi, nikamweleza yote. Akasema alijua siku ile ile, kwa sababu mwenye mimba changa humuuliza maswali kumi, na mimi niliuliza tu kama vidonge vitatosha mwezi mzima. Nilitaka kurudisha. Akasema dawa ikishatoka dirishani hairudi, nimalize. Akanipima, sina kitu. Akanifuta kwenye daftari la wajawazito, akaniandika kwenye karatasi ya wake na waume wanaongoja kama sisi. Nilimuuliza kama kuna mama aliyerudishwa bila dawa kwa ajili yangu. Akasema hapana, lakini alisema akipanga faili, mgongo kwangu.

Mama Valarie nilimwambia hakuna mimba. Kabla sijafika kwenye neno la pili alinikumbatia, na Ijumaa wakaja tena wote kumi na mmoja, safari hii bila kuimba. Walidhani imetoka. Walikaa nami, wakaosha vyombo, wakalia. Ningesema ukweli ningemtoa Muturi uchi mbele ya kanisa, nikanyamaza. Lakini nililia nao, dada, na machozi yalikuwa ya kweli. Sikujua nilikuwa nimeyaweka mengi hivyo.

Najua ukifika hapa utataka kuninunulia dawa. Siwezi kujifanya mkubwa nikakataa, maana leo nimebakiza vidonge vitano. Lakini kwenye karatasi ya Jepkemei kuna watu ishirini na wawili mbele yangu, na hao hawana dada Leeds. Kikao kingine cha kaunti kitaitwa. Sijui kama nitaweza kusema neno lenyewe. Najua tu kwamba habari ya josho sitauliza tena.

Simu imeanza kulia tena saa mbili. Damu ya Muturi hatimaye ilichukuliwa, tunangoja majibu. Hajasema atarudi, nami sijamuuliza. Tunameza, tunatakiana usiku mwema.

Nisalimie watoto, na yule jirani yako anayekupa maua ya bustani. Thuo, mdogo wetu, anauliza kama bado una lile koti lake. Mama anakuombea kila asubuhi kwa sauti, mke wa Kiarie ni shahidi. Mungu aulinde huo mgongo, na mikono yako isichoke. Nguo mpe yeyote mwenye mtoto huko kwenu, zisikae kwenye sanduku. Kofia ni kazi ya mkono wako, hiyo sikuamulii.

Jumatatu asubuhi. Nilikuwa sijafunga bahasha. Lori la viazi la Kibii lilisimama langoni muda mfupi uliopita, likielekea Nakuru. Dereva alishuka akafungua kamba, akaniteremshia lile godoro jembamba, limekunjwa na kufungwa kwa mkanda wa Muturi wa suruali.

"Mzee amesema hii itangulie," akaniambia.

Nikamuuliza mwenyewe je. Akasema anangoja majibu ya hospitali, wamemwambia Alhamisi. Akaondoka na lori lake.

Nimelipeleka hadi mlango wa chumba cha wageni, nikalirudisha. Nimelipeleka hadi mlango wa chumba chetu, nikalirudisha tena. Hakusema litandikwe wapi. Nimelisimamisha sebuleni karibu na meza ya chai, na mkanda wake sijaufungua.

Ni mimi mdogo wako, anayekupenda na kukukosa kila siku,
Kui